Bawabu wa Bure

Anwani ya barua pepe ni nyumba iliyojengwa bila mlango. Anayeijua, au anayebahatisha herufi zake, anaweza kuingiza kitu ndani bila kuulizwa yeye ni nani na ametokea wapi. Anayetuma barua kwa posta hununua stempu, anayepiga simu hukatwa salio. Anayetuma barua pepe hagharimiki karibu chochote, awe ametuma moja au laki moja. Watafiti walioianzisha miaka ya 1970 walikuwa wachache, na taasisi zao zilifahamiana. Watu wanaofahamiana hawafungiani milango.

Pengo hilo lilionekana mapema. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa masoko katika kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 waliokuwa kwenye ARPANET, mtandao wa utafiti wa Marekani uliotangulia intaneti. Aliwaalika kwenye maonyesho ya kompyuta mpya huko California. Wengi walikasirika, lakini Thuerk mwenyewe amekuwa akisema kwamba kompyuta ziliuzika. Hesabu yote ya barua taka imo ndani ya kisa hicho: ukiwaudhi watu 390 na kuwapata 10, na kuwaudhi hakukugharimu kitu, basi umepata faida. Kesho utawaudhi wengine zaidi.

Ndiyo maana leo, mwanafunzi akiuliza afungue barua pepe ya wapi, jibu huja na sifa mbili: iwe ya bure, na iwe inachuja vizuri. Ubure si jambo geni. Hotmail ilianza Julai 1996, Yahoo Mail ikafuata mwaka 1997, na Gmail ikatangazwa tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na nafasi ya GB 1, wakati Hotmail ilikuwa ikitoa MB 2. Wapo waliodhani ni utani wa siku ya wajinga. Siku hizi nafasi si habari tena, na kinachotofautisha huduma moja na nyingine, kwa mtu wa kawaida, ni usafi wa kikasha. Google husema chujio lake huzuia zaidi ya asilimia 99.9 ya taka. Outlook na Yahoo nazo husifia machujio yao, na Proton Mail, iliyoanzishwa Uswisi na wanasayansi waliokutana CERN, inachuja pia huku ikiahidi usiri zaidi.

Tunachagua kati ya hizi kama tunavyochagua kifurushi cha intaneti: nani anatoa zaidi kwa bei ndogo. Mimi nadhani tunafanya jambo zito kuliko hilo. Nyumba haikuwa na mlango, sasa tunaweka mlango na kumwajiri bawabu. Tunamwambia: simama hapa, amua nani aingie, na wale unaowafukuza usinisumbue nao. Kisha tunaenda kulala. Mtu akifukuzwa mlangoni pangu, kwa jina langu, nami nimelala, je, nimemfukuza mimi?

Kwanza tumtazame bawabu mwenyewe, maana kazi yake ina sharti moja lisilokwepeka. Ili achuje, lazima asome. Gmail ilipoanza, kompyuta za Google zilisoma barua za watu kwa makusudi mawili: kutafuta taka, na kutafuta maneno ya kuyaambatanishia matangazo. Kelele zilipigwa kwa miaka mingi juu ya hilo la pili, na mwaka 2017 kampuni ilitangaza kwamba itaacha kutumia maandishi ya barua za watu kuwachagulia matangazo. Kusoma kwa ajili ya kuchuja hakukuachwa, na hakuna aliyetaka kuachwe. Hata Proton, ambayo barua za watumiaji wake wawili husafiri zimefungwa kwa namna ambayo kampuni yenyewe haiwezi kuzisoma, hukagua barua zinazotoka nje zinapofika kabla ya kuzifunga. Anayetaka mtu yeyote asiguse barua zake, na papo hapo taka isimfikie, anataka mambo mawili yanayovutana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi sote tumeinama. Kilichobaki ni kujua tumeinamia nini.

Mjadala mwingi kuhusu huduma za bure huishia hapo, kwenye usiri: wanasoma barua zangu. Ni hoja halali, na sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimetupa maneno ya kuisemea. Lakini hoja hiyo inanitazama mimi tu, mwenye nyumba. Anayenisumbua zaidi ni aliyesimama nje.

Agosti 2002 mtayarishaji programu wa Kimarekani, Paul Graham, alichapisha makala yenye jina la A Plan for Spam. Hakuwa wa kwanza kuwa na wazo lile, lakini maelezo yake yaliwafikia wengi. Badala ya kuandika sheria za kuikamata taka, alichukua rundo la barua njema na rundo la barua mbaya, akahesabu kila neno linajitokeza mara ngapi kila upande. Barua mpya ikija, mashine hutazama maneno 15 yenye ushahidi mkubwa zaidi, yaani yale yanayoelemea sana upande mmoja, kisha hukadiria uwezekano kwamba barua ile ni taka. Msingi wa hesabu hiyo unatokana na Thomas Bayes, mchungaji wa Kiingereza ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kufa kwake. Graham alikuta kwamba alama ff0000, inayoiamuru kompyuta iandike kwa rangi nyekundu kali, ilikuwa shahidi mzuri wa taka sawa na neno lolote la matusi. Hakuna aliyeiambia mashine kwamba wekundu ni dhambi. Iliona tu nani hupenda wekundu.

Kilichonivutia zaidi ni jambo dogo katikati ya hesabu. Graham alizidisha mara mbili idadi ya kila neno lililoonekana kwenye barua njema. Alifanya hivyo kwa sababu aliona kosa la kuizuia barua njema ni baya kuliko kosa la kuipitisha mbaya. Neno ambalo mashine haijawahi kuliona alilipa 0.4, yaani liegemee kidogo upande wa kutokuwa na hatia. Na barua haikuhesabiwa kuwa taka mpaka ipite 0.9. Katika miaka ileile ya 1760 ambayo kazi ya Bayes ilitoka, mwanasheria William Blackstone alikuwa akiandika huko Uingereza kwamba ni afadhali wakosaji kumi waponyoke kuliko asiye na hatia mmoja kuumia. Mtaalamu wa kompyuta, bila kuvaa joho, alikuwa akikata shauri lilelile. Kwa nini azidishe mara mbili na si mara tatu? Hakuna hesabu itakayokujibu, maana hapo hesabu imeishia na dhamiri imeanza. Kila chujio, hata haya makubwa ya leo, lina namba kama hizo ndani yake. Mtu fulani aliamua mgeni ana haki kiasi gani. Mimi na wewe tuliikubali namba yake bila kuiona, tulipobonyeza kitufe cha kufungua akaunti.

Naandika tasnifu kuhusu madarasa ya kisomo cha watu wazima mkoani Tanga katika miaka ya 1970. Mmoja wa niliowahoji ni mwalimu mstaafu aliyefundisha madarasa hayo jioni, kwa taa ya chemli, wanafunzi wake wakiwa na umri wa wazazi wake. Aliniahidi picha za darasa na kurasa za daftari la mahudhurio. Mjukuu wake alimfungulia barua pepe kwenye simu, wakazipiga picha zile picha, wakazituma. Kichwa cha barua kiliandikwa chote kwa herufi kubwa: MUHIMU SANA SOMA HARAKA. Ndani hamkuwa na neno hata moja, ila viambatanisho vinne. Jina la akaunti lilikuwa na tarakimu sita mkiani, kwa kuwa majina mazuri yote yalikwisha kuchukuliwa.

Huduma ninayotumia iliiweka barua hiyo kwenye folda ya taka. Niliikuta siku ya sita, Ijumaa, siku ambayo huwa naipitia folda hiyo. Nikampigia simu.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba.” Kisha kimya.

Nikamweleza kwamba picha nimezipata saa ileile, kwamba mashine ilikuwa imeziweka kando. Akasikiliza mpaka mwisho. “Mwanangu,” akasema, “mimi nilipiga hodi. Nyumba ikawa kimya. Nikaondoka.” Alikuwa amekwisha kumwambia mjukuu asijisumbue na kurasa zilizobaki. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu ambaye amewaona vijana wengi wa vyuo wakija na daftari, wakipata wanachotaka, wasirudi tena. Siku sita za kimya zilikuwa zimeniweka kwenye orodha yao.

Nilikolelewa mimi, Pwani, mtu hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa huondoka bila kinyongo, akijua kwamba huenda wenyewe hawapo. Lakini kimya cha barua pepe hakifanani na hicho. Hakuna dirisha lililofungwa la kumwonyesha mgeni kwamba tumesafiri, wala jirani wa kumwambia arudi kesho. Bawabu amempokea kwa heshima zote, ameichukua barua yake, na ameitupa. Mgeni hajui kwamba amefukuzwa. Anajua tu kwamba hakujibiwa, na binadamu hawezi kukiacha kimya bila kukipa maana: amenidharau, hanihitaji, amepata wengine. Chujio linapokosea hufanya zaidi ya kuchelewesha barua. Linatunga jibu ambalo mimi sikulitoa, na kulipeleka kwa jina langu.

Tazama pia ni nani aliyefukuzwa. Fikiria barua ile kwa hesabu kama ya Graham: hamkuwa na maneno ya kumtetea, na hata yangekuwepo ya Kiswahili, chujio lililojifunza zaidi kwa barua za lugha nyingine lisingeona ushahidi mwingi ndani yake. Zilibaki dalili nyingine: herufi kubwa, haraka, viambatanisho, akaunti ya jana. Dalili hizo ni za tapeli. Ni dalili pia za mtu yeyote anayetuma barua pepe kwa mara ya kwanza maishani mwake. Tapeli mzoefu, kwa upande wake, amekwisha kujifunza adabu za mlango: anaandika kichwa cha barua kwa utulivu, anaweka nembo ya benki, anaaga kwa heshima. Bawabu hupima adabu, na adabu za mlango huu hufundishwa maofisini na vyuoni. Wanaoumia kwa makosa yake hawatawanyiki sawasawa katika jamii.

Mpaka hapa ningeweza kuhitimisha kirahisi: tuchague chujio legevu, tuvumilie taka kidogo kwa ajili ya wema. Lakini nina shangazi anayeuza vitenge Moshi. Barua pepe yake alifunguliwa na kijana aliyemuuzia simu, kwa sababu simu haikukubali kuanza bila akaunti. Shangazi yangu ni mtu anayeamini maandishi. Kila mwenye simu Tanzania anaujua ujumbe ule wa “ile hela itume kwenye namba hii”, ambao hautaji jina la mtu, ukitumaini tu kwamba kati ya maelfu watakaoupokea yupo mmoja aliyekuwa anadaiwa na mtu leo. Yeye ni mmoja wa wale ambao ujumbe huo huwatafuta. Barua inayosema akaunti yako itafungwa, bonyeza hapa uthibitishe, ikimfikia, hataiita taka. Ataita ofisi. Kwake bawabu mkali ni huruma, na akizuiwa barua mbili za kweli kwa mwaka ili asifikiwe na moja ya wizi, nadhani biashara hiyo ni ya haki.

Kwa hiyo kanuni ya Blackstone haitoshi. Mahakamani anayeponyoka huponyoka mbele ya dola, ambayo ina nguvu za kumvumilia. Mlangoni pa shangazi anayeponyoka hukutana na mtu mmoja aliye peke yake. Swali la haki kwa mgeni haliwezi kujibiwa kabla ya kuuliza aliye ndani ni nani.

Immanuel Kant, ambaye karibu maisha yake yote hakutoka katika eneo la Königsberg, aliandika mwaka 1795 kwamba mgeni anayefika kwa amani katika nchi ya wengine ana haki ya kutotendewa kama adui. Akatenganisha haki hiyo na haki ya kukaribishwa ndani kama mgeni wa nyumba, ambayo huhitaji makubaliano. Ya kwanza ni haki ya kuzuru tu. Kant hakuwahi kukaa barazani Lamu, lakini wajenzi wa kule waliielewa tofauti hiyo kwa mawe. Nje ya nyumba kuna baraza, kisha daka lenye mabenchi ya mawe kabla ya mlango wa ndani. Asiyejulikana hakuachwa juani, wala hakupelekwa moja kwa moja walikokaa wenye nyumba. Alikuwa na mahali pa kungoja mpaka ajulikane.

Folda ya barua taka ingeweza kuwa daka letu. Tatizo ni kwamba tumelipa jina la jalala, na mahali palipoitwa jalala hakuna anayekwenda kutazama kama kuna mtu amekaa. Huduma nyingi hufuta vilivyomo baada ya siku kadhaa, mara nyingi 30, na barua nyingine hazifiki hata hapo, hukataliwa langoni kabisa. Hizo siwezi kuzifanyia kitu. Zilizo dakani ninaweza.

Naona basi kwamba wajibu unalingana na idadi ya watu wanaokungoja. Shangazi hangojewi na mtu kwa barua pepe, wanaomtaka wanampigia simu. Hana deni la kupitia folda ile. Lakini ofisi ya udahili, mhariri, afisa anayepokea maombi ya kazi, mtafiti aliyeacha anwani yake kwa watu kumi vijijini: hawa wamesema waziwazi, niandikieni. Ukishasema niandikieni, kila anayeandika amekaribishwa na wewe mwenyewe, na huna haki ya kumwachia mashine neno la mwisho. Mwombaji wa kazi asiyejibiwa atajihesabu ameshindwa. Pengine hakusomwa kamwe, na hakuna mtu katika ofisi ile atakayewahi kujua kwamba kulikuwa na uamuzi.

Kuna wajibu mwingine mdogo, wa kidole. Chujio la Graham lilijifunza kwa barua za mtu mmoja. Machujio ya leo hujifunza kwa watu wote kwa pamoja, na kila ninapobonyeza kitufe cha kuripoti taka napiga kura juu ya mlango wa jirani. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawataka wanaotuma kwa wingi wathibitishe utambulisho wao na wahakikishe malalamiko hayafiki asilimia 0.3, yaani watu watatu katika elfu moja. Ni sharti zuri, linawabana wahuni. Lakini fikiria kikundi kidogo kinachowatumia wasomaji wake hadithi kila mwezi. Wasomaji wachache waliojiandikisha kwa hiari yao, wakachoka, wakaona uvivu kutafuta kiungo cha kujiondoa na kubonyeza “taka”, wanatosha kukisukuma kikundi hicho jalalani kwa wote. Kusema “sikutaki tena” ni tofauti na kusema “wewe ni tapeli”. Kwa mdomo tunaijua tofauti hiyo vizuri sana.

Sasa, mtu achague ipi? Kwa usafi wa kikasha, hizi kubwa hazipishani kiasi cha kuvunja urafiki. Mimi ningemwuliza bawabu mambo matatu kabla ya kumwajiri. Je, ananionyesha aliowazuia, na kwa siku ngapi? Nikimwambia amekosea, yule alikuwa mtu mwema, anajifunza au anarudia? Na siku nikitaka kuhama, ataniacha niondoke na barua zangu, au atazishika kama dhamana? Huduma inayojibu vizuri matatu hayo ni njema hata kama hupitisha taka mbili tatu kwa wiki. Taka iliyopita nitaifuta kwa sekunde moja.

Nina anwani mbili. Moja ni ya maduka, ya kujiandikisha na ya kupakua vitu; huko bawabu na awe mkali anavyotaka. Nyingine ndiyo niliyoiandika kwenye karatasi za ridhaa walizotia saini watu niliowahoji. Hiyo naipitia dakani kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana.

Ijumaa iliyopita nilikuta barua 41. Dawa za kupunguza unene, bahati nasibu mbili, mjane mwenye mamilioni asiyejua ampe nani, na mwaliko wa kuwa mzungumzaji mkuu kwenye kongamano la uhandisi wa mafuta, mimi ninayesomea historia. Nilizitazama moja moja, majina na vichwa vya barua. Ilinichukua dakika nne. Hakukuwa na mtu. Nikazifuta zote, nikarudi kwenye kazi yangu.